Robota Lenye Kidonda: Kusoma Kadi za Posta za Zamani za Biashara ya Pamba

Kwenye kadi za posta za New Orleans, Memphis au Savannah, miji ya pamba ya kusini mwa Marekani, zilizochapwa kati ya miaka ya 1900 na 1915 hivi, robota la pamba mara nyingi lina kidonda. Gunia limepasuliwa ubavuni na pamba imetokeza nje kama povu la sufuria. Ukitazama juu juu utasema makuli wameliburuta vibaya. Hapana. Tundu lile limekatwa kwa kisu na mtu aliyelipwa kulikata, na akishaondoka yeye huja mwingine kukata lake. Ukilielewa tundu hilo umeshaelewa sehemu kubwa ya biashara ya pamba ya enzi zile, pamoja na sababu ya wapiga picha kuipenda gati kuliko shamba.

Mimi nimekulia Kanda ya Ziwa, mahali ambapo pamba mbegu hupimwa kwenye ghala la kijiji na marobota hupita barabarani juu ya malori. Nilipoanza kuzipitia kadi hizi za Wamarekani nilijiona mwenyeji: robota ni robota. Baada ya kadi thelathini hivi ujuaji uliniisha. Kuna marobota manene kama kabati na mengine yaliyobanwa hadi yakawa kama tofali. Kuna hata ya mviringo. Kuna anga la buluu mpauko ambalo ni lile lile kila mji. Na kuna watu weusi wengi juu ya pamba, lakini ndani ya ofisi za pamba hutawaona.

Tuanze na kadi yenyewe, maana nayo ina mitego yake.

Tarehe 19 Mei 1898 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyowaruhusu wachapaji binafsi kuuza kadi zinazotumwa kwa senti 1, sawa na zile za serikali. Mlango ulifunguka. Katika mwaka wa fedha ulioishia Juni 1908, posta ya nchi ile ilihesabu kadi zaidi ya milioni 677, ilhali wananchi wenyewe hawakufika milioni 90. Kadi ilifanya kazi ambayo leo inafanywa na ujumbe wa simu: nimefika salama, joto ni kali, wasalimie wote.

Sheria nyingine inatusaidia kukisia umri. Kabla ya tarehe 1 Machi 1907, mgongo wa kadi ya Marekani ulikuwa wa anwani peke yake. Mwenye salamu alizibana upande wa picha, pembezoni au juu ya mawingu. Kwa hiyo ukikuta mgongo hauna mstari wa kuugawa, na mwandiko wa mtu umepita juu ya marobota, unashika kadi iliyochapwa kabla ya hapo. Mgongo uliogawanywa, salamu kushoto na anwani kulia, ni wa baadaye. Ukingo mweupe kuzunguka picha ulienea kuanzia 1915 hivi, na karatasi yenye vinyweleo vya kitani ni ya miaka ya 1930 na 1940.

Lakini umri wa kadi si umri wa picha, na hapa ndipo wakusanyaji hujikwaa. Mpiga picha angeweza kuinasa picha yake kwenye kioo, kilichokuwa filamu ya enzi hizo, mwaka 1900, kadi ikachapwa 1908, mtu akaituma 1913. Muhuri wa posta unakwambia siku ya safari tu. Tarehe 2 Aprili 1881 meli ya moshi Henry Frank iliingia New Orleans ikiwa na marobota 9,226, shehena ambayo ilibaki kuwa ya kujivunia kwenye mto Mississippi. Marobota yalipangwa kuizunguka meli hadi ikafanana na ghala linaloelea. Sura ya meli iliyofunikwa pamba namna ile iliendelea kuuzwa kwenye kadi wakati reli ilishainyang'anya mito sehemu kubwa ya mzigo. Mtalii wa 1910 alikuwa ananunua kumbukumbu ya baba yake, akidhani ni habari za juzi.

Rangi nazo zisikudanganye. Picha zilipigwa kwa nyeusi na nyeupe. Nyingi zilivuka bahari hadi Ujerumani, ambako wachapaji waliotumia mabamba ya mawe walikuwa na ufundi na bei ambayo Wamarekani hawakuiweza, na huko fundi ambaye hajawahi kuiona New Orleans alipaka anga buluu, paa jekundu na pamba nyeupe kuliko theluji. Kampuni ya Detroit Publishing ilikuwa tofauti kidogo. Ilinunua haki ya kutumia mbinu ya Waswisi ya kuchapa picha kwa rangi, ikawa na mpiga picha mashuhuri William Henry Jackson kama mbia, na ikachapa nyumbani. Lakini hata kwake rangi ilitokana na maelezo ya karatasini. Ushuru mpya wa 1909 uliziumiza kadi za Ujerumani, na vita vya 1914 vikaikata kabisa njia hiyo. Kwa hiyo usiulize kwa nini shati la kuli lina rangi ya chungwa. Yupo mtu huko Saxony, Ujerumani, aliyeona litapendeza.

Kushindilia mara tatu

Maandishi ya chini ya picha hizi mara nyingi husema tu kwamba hapa pamba inashindiliwa. Tatizo ni kwamba pamba ya Marekani ilishindiliwa mara mbili kabla ya kufika melini, na huko melini ikabanwa tena mara ya tatu, kila mara na watu wengine, kwa chombo kingine, na kwa faida ya mtu mwingine. Asiyezitenganisha hatua hizi hataelewa kwa nini marobota ya kadi moja hayafanani na ya kadi ya pili.

Mara ya kwanza ni kwenye kinu cha kuchambua. Ratili 1,500 hivi za pamba mbegu hutoa ratili 500 za pamba nyuzi, yaani kama kilo 227, na hilo ndilo robota moja la Kimarekani. Kinachobaki kwa sehemu kubwa ni mbegu. Kinu cha meno, kile kinachohusishwa na Eli Whitney wa mwaka 1793, kiliharakisha kuitenga nyuzi na mbegu, lakini hakikufunga mzigo. Kwa miaka mingi kufunga kulifanyika nje ya banda, kwenye shinikizo la mbao lenye skrubu kubwa ya mti na mihimili miwili mirefu iliyoteremka hadi karibu na ardhi kama mbawa za ndege aliyechoka. Nyumbu alifungwa kwenye mhimili, akazunguka, skrubu ikashuka. Kadi za shinikizo hilo zipo, na zinapendwa sana na wakusanyaji, lakini zilipochapwa chombo chenyewe kilikuwa kimeshakuwa kitu cha makumbusho.

Aliyekizeesha ni Robert Munger wa Texas. Katika miaka ya 1880 aliunganisha kazi zote kuwa mkondo mmoja. Bomba linaifyonza pamba kutoka kwenye gari la nyumbu, upepo unaipeleka kwenye safu ya vinu, nyuzi zinatoka zimetandazwa kama blanketi na kuingia kwenye sanduku la kushindilia. Masanduku ni mawili juu ya mhimili mmoja unaozunguka, moja likijazwa lingine linabanwa. Ndiyo maana kadi za vinu za karne ya 20 zina foleni ya magari yenye kuta ndefu, na bomba la bati linaning'inia juu ya gari la mbele. Gari moja lililojaa lilikaribia kuwa robota moja. Mkulima aliingia na gari la pamba akatoka na robota lake juu ya gari lile lile, na mara nyingi mbegu ndizo zilizolipia gharama ya kuchambua.

Robota hili la kinuni ni nene na laini, urefu wake kama futi 4 na nusu, limevikwa gunia la juti na kufungwa mikanda sita ya chuma. Ukiliona kwenye kadi, jua uko karibu na shamba: mji mdogo, stesheni ndogo, uwanja wa mbele ya mahakama ya wilaya.

Mara ya pili ni kwenye mtambo wa kubana, ambao wenyeji waliuita kompresi. Huu ulijengwa penye makutano ya reli au bandarini. Lilikuwa jitu la chuma lenye taya mbili, linaloendeshwa kwa mvuke, refu kama nyumba ya ghorofa. Mikanda hulegezwa, robota huingizwa kinywani, taya hufunga, na kabla hazijaachia, vijana waliojipanga pande zote mbili huwa wameshapitisha mikanda na kuikaza upya. Yote hayo kwa muda usiozidi dakika moja. Robota hutoka limepungua unene karibu nusu. Sababu ni nafasi. Pamba ni nyepesi, hujaza behewa kabla behewa halijafikia uzito wake, na mwenye reli alikuwa anasafirisha hewa. Reli nyingi zililipa wenyewe gharama ya kubana ili waweze kupakia zaidi.

Picha za kompresi ni ngumu kuzisoma kuliko zote. Mvuke umefunika nusu ya picha, watu wametoka ukungu kwa sababu hawakusimama, na mashine haionekani yote. Ndiyo kadi ninazozipenda mimi. Wapiga picha hawakuweza kuwapanga watu hawa wakae vizuri, kwa hiyo kwa mara moja tunaona kazi ikifanyika, siyo watu walioambiwa washike kikapu.

Yale ya mviringo niliyoyataja yana hadithi fupi. Mwishoni mwa miaka ya 1890 American Cotton Company ilileta mashine ya kuviringisha nyuzi kama mkeka, ikatoa mzigo wa nusu ya uzito wa kawaida uliobana kiasi kwamba haukuhitaji kompresi. Wazo lilikuwa zuri. Lakini kampuni ilizikodisha mashine zake badala ya kuziuza, wakulima wakanusa ukiritimba, wenye kompresi wakaona riziki yao inaondoka, na robota la mviringo likafifia.

Mara ya tatu kadi hazikuionyesha kabisa, kwa sababu ilifanyika gizani. Ndani ya ngama ya meli, New Orleans na Galveston, bandari ya Texas, kulikuwa na mafundi waliotumia jeki za skrubu kuyasukuma marobota yabanane hadi nafasi ya robota moja ikatokea pasipo nafasi. Kazi ya hatari, iliyolipwa vizuri kuliko nyingine za gatini. Wale wa New Orleans walikuwa na chama chao tangu 1850, cha wazungu. Weusi wakaunda chao. Mwanzoni mwa karne ya 20, katikati ya ubaguzi uliokuwa unazidi kuandikwa kuwa sheria, vyama hivyo viwili vilikubaliana kugawana kazi nusu kwa nusu ili waajiri wasiwatumie kupigana. Oktoba 1907 wenye meli walitaka kila kikundi kipakie marobota 200 kwa siku kama Galveston. Mafundi walisimama kwenye 160. Wafanyakazi wa gati wapatao 10,000, weusi kwa weupe, waliacha kazi kwa karibu majuma matatu.

Shika kadi ya gati ya New Orleans yenye muhuri wa 1907 au 1908, uitazame tena. Utulivu wote ule wa marobota yaliyopangwa mstari, na nyuma yake ugomvi mkubwa juu ya marobota arobaini.

Tundu

Pamba hainunuliwi kwa macho ya nje. Mnunuzi anataka kujua rangi, uchafu na urefu wa nyuzi, na vyote hivyo vimefungwa ndani ya gunia. Kwa hiyo mchukua sampuli hupasua ubavu, anachomoa konzi ya pamba upande huu na upande ule, anaiviringisha kwenye karatasi na kuipeleka ofisini. Huko, chini ya dirisha la paa linaloelekea kaskazini ili mwanga wa jua usidanganye, mpanga madaraja anaivuta kwa vidole gumba mpaka nyuzi zilale sambamba, anatazama, anataja daraja. Front Street ya Memphis ilijaa ofisi za namna hiyo. Sisi wa huku tuna maneno yetu mawili, safi na fifi, na ugomvi wote wa msimu unakaa kati yake. Wao walikuwa na ngazi ndefu ya madaraja, na katikati yake daraja la kati ambalo bei ya soko ilitajwa kwalo. Mengine yote yaliongezewa au kupunguziwa kutoka hapo.

Hapo ndipo pamba inapogeuka kuwa karatasi. Ukishakubaliana daraja na uzito, huna haja ya kuliona robota. Soko la pamba la New York lilianzishwa 1870 na la New Orleans 1871, na ndani yake watu waliuziana pamba ya miezi ijayo ambayo bado ilikuwa ua shambani. Mchoraji Mfaransa Edgar Degas alipotembelea jamaa zake New Orleans alichora ofisi ya mjomba wake mwaka 1873: wanaume waliovaa suti nyeusi, meza imetandazwa pamba, mmoja anaivuta sampuli mkononi, mwingine anasoma gazeti. Kadi za majengo ya masoko haya, lile la Savannah la 1886 likiwa mojawapo ya yaliyopigwa sana, zinaonyesha nguzo na ngazi. Pamba yenyewe haimo.

Tatizo la tundu ni kwamba robota likiuzwa mara nne, hukatwa mara nne. Mkulima anauza kwa mfanyabiashara wa mjini, huyu anamuuzia mnunuzi wa Memphis, huyo kwa msafirishaji, na kila mmoja hamwamini aliyemtangulia. Pamba iliyochomolewa haikurudishwa. Ilikusanywa pamoja na ile iliyodondoka, ikafungwa kuwa marobota mapya na kuuzwa, na watu wa biashara hiyo waliipa jina la mavuno ya mjini. Mavuno bila shamba! Mkulima ndiye aliyekatwa, kidogo kidogo, kila hatua.

Liverpool, soko kubwa kuliko yote duniani wakati ule, ililalamika miaka nenda rudi kwamba robota la Kimarekani hufika limechanika na chafu, wakati la Misri hufika nadhifu. Kadi za Alexandria, kutoka soko la Minet el-Bassal, na zile za uwanja wa pamba wa Colaba, Bombay, zinathibitisha: mizigo imesimama kama askari. Wamarekani hawakukosa akili. Ulaya ilikata karibu asilimia 6 ya uzito kama fidia ya gunia na chuma, bila kujali kilichomo ni kiasi gani. Aliyefunga kwa kitambaa chepesi na safi alijipunja mwenyewe. Wasafirishaji walifika mahali pa kuongeza viraka vya juti juu ya robota ili kuifikia ile asilimia 6. Kwa hiyo matambara unayoyaona kwenye picha ni hesabu.

Na juti hiyo nayo iliwahi kuwaka moto wa siasa. Mwaka 1888 wauzaji wa magunia waliungana kupandisha bei, na wakulima wa jumuiya ya Farmers' Alliance wakagoma kuyanunua. Wakafunga pamba yao kwa kitambaa cha pamba.

Aliyekaa juu ya robota

Sasa watu. Kwenye kadi za gati na za shamba, wengi ni Wamarekani weusi. Wamesimama, wamekaa juu ya marobota, watoto wamelazwa kwenye lundo la pamba kama kwenye kitanda. Maneno ya chini mara nyingi ni ya dharau, ya kuchekesha wazungu wa kaskazini waliokwenda kutalii. Siyarudii hapa. Ninachotaka tukione ni kile kilichochaguliwa: jua, tabasamu, wingi. Pamba nyeupe, watu weusi, na kichwa kinachosema huyu ndiye mfalme. Maneno hayo ya ufalme yalitoka kinywani mwa James Hammond, seneta wa South Carolina na mmiliki wa watumwa, mwaka 1858. Yalikuwa tishio: Uingereza haitathubutu kutugusa kwa sababu inahitaji pamba yetu. Miaka 50 baadaye yaligeuzwa pambo la kadi ya senti 1.

Hatua ambayo sijaikuta kwenye kadi hata moja ni kufunga hesabu. Baada ya utumwa kukomeshwa mwaka 1865, sehemu kubwa ya pamba ililimwa kwa mgawo. Mwenye ardhi anatoa shamba, nyumbu na mbegu. Mkulima anatoa mikono ya familia nzima. Mavuno yanagawanywa, mara nyingi nusu kwa nusu. Lakini kabla ya mavuno familia inakula, na inakula kwa mkopo wa duka la mwenye ardhi au mfanyabiashara wa jirani, riba juu, na dhamana ni pamba ambayo haijaota. Desemba inapofika mwenye daftari anasoma hesabu, na asiyejua kusoma anaambiwa bado anadaiwa. Hata anayejua kusoma hakuwa salama kuuliza. Tarehe 30 Septemba 1919, karibu na Elaine, Arkansas, wakulima weusi walikutana kanisani kupanga jinsi ya kudai hesabu halali ya pamba yao. Risasi zikarushwa, na siku zilizofuata makundi ya wazungu na askari waliua weusi wengi, wanaokadiriwa kufikia mamia. Wanaume kumi na wawili weusi walihukumiwa kifo. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo mwaka 1923 ilisema kesi iliyotawaliwa na ghasia za umati si kesi. Hatimaye waliachiliwa.

Mwaka ule wa mauaji, 1919, bei ya pamba ilikuwa juu sana, na kadi za marobota ziliendelea kuuzwa vituoni.

Kuna kadi za robota moja peke yake, limewekwa kando ya barabara mbele ya duka au hoteli, watu wamevaa kofia zao nzuri. Hizo mara nyingi ni za 1914. Vita vilipoanza Ulaya, masoko yalifungwa, lile la New York kuanzia tarehe 31 Julai hadi Novemba, na mavuno yalikuwa makubwa kupita kiasi. Bei ikaporomoka. Kampeni ikaanzishwa ya kumtaka kila mwenye uwezo anunue robota moja kwa senti 10 kwa ratili na kuliweka, mpaka bei irudi. Robota mbele ya duka lilikuwa tangazo la uzalendo. Halikuwasaidia wengi, lakini lilipigwa picha sana.

Mpaka kwetu

Pamba hiyo ya kadi ina mguu wake katika pwani yetu. Bibi zetu waliosema merikani walikuwa wanataja nchi bila kujua. Kuanzia miaka ya 1830, baada ya Sayyid Said kutia saini mkataba na Marekani mwaka 1833, meli za Salem, bandari ya Massachusetts, zilileta Zanzibar kitambaa kigumu kisichotiwa rangi, kilichofumwa kwenye viwanda vya Massachusetts kwa pamba iliyochumwa na watumwa wa kusini. Kitambaa hicho kilifungwa mizigo ya kichwani, kikapanda na misafara hadi Tabora na Ujiji, kikawa fedha, kikanunua pembe za ndovu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipandisha bei, merikani ikaadimika, na vitambaa vya Uingereza na Bombay vikaingia. Jina lilibaki.

Vita hivyo hivyo viliwafunza Wazungu wa Ulaya kuogopa kutegemea Marekani. Wajerumani waliunda kamati ya uchumi wa makoloni mwaka 1896, Waingereza chama cha kukuza pamba mwaka 1902, na wote wawili wakaitazama Afrika. Uganda ililetewa mbegu mwaka 1903, na kwa kuwa reli ilishafika Kisumu, pamba ilipata njia. Kusini mwa Tanganyika Wajerumani waliamua kwa viboko: shamba la kijiji chini ya jumbe, siku za kazi za lazima, malipo madogo kiasi kwamba wengine waliyakataa. Mwishoni mwa Julai 1905, huko Nandete katika vilima vya Umatumbi, watu waling'oa mashina ya pamba. Ndivyo Maji Maji ilivyoanza. Wakati huo huo studio za Dar es Salaam na Zanzibar zilikuwa zinauza kadi za posta zenye minazi na bandari, na mashamba yaliyonyooka mistari.

Usukumani mambo yalikuja baadaye, na ugomvi ulikuwa wa mizani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima waliajiri watu wao wenyewe kusimama kando ya mizani za wanunuzi na kupima upya. Kutokana na hilo vikaota vyama vya ushirika, na mwaka 1955 ukaundwa muungano wa vyama vya Victoria, Paul Bomani akiwa kiongozi wake. Pamba ya Afrika Mashariki ilifungwa kwa ratili 400, si 500, kwa hiyo robota letu ni dogo. Ukikuta picha isiyo na maandishi, ukubwa huo utakupa fununu ya bara.

Anayetaka kujaribu haya yote asinunue kadi kwanza. Vioo vya Detroit Publishing vimehifadhiwa kwa wingi katika Maktaba ya Bunge la Marekani, na vimewekwa kwenye intaneti bila malipo. Kioo ni kikubwa na kimenasa mengi kuliko kadi ilivyoweza kuchapa. Tafuta gati ya New Orleans, kuza picha mpaka robota moja lijaze kioo cha simu. Utaona nyuzi za juti, mkanda uliopinda, tundu la sampuli. Kando ya tundu utaona herufi mbili au tatu zilizopigwa kwa wino mweusi kupitia karatasi iliyokatwa matundu ya herufi. Ni alama ya msafirishaji, ili makarani wa Liverpool wajue mzigo ni wa nani. Ukisogeza picha kidogo kulia, robota linalofuata lina herufi zile zile, na la tatu pia, na kuna mtu amekaa juu yake, miguu imefunika herufi ya mwisho.